Kompyuta ya Kilo Moja na Robo

Kabla dada yangu hajanunua kompyuta yake mpya, aliibeba kwanza ikiwa unga wa sembe.

Ilibidi. Kompyuta yenyewe ilikuwa bado iko Dar es Salaam, na hata huko ndiyo kwanza ilikuwa inaingia. Huku kwetu Songea vitu vya namna hiyo havikai kabatini vikimngoja mteja. Unaoneshwa picha kwenye simu, unasomewa sifa zake, unachagua, unatoa kianzio, halafu mwenye duka anaagiza na mzigo unapakiwa kwenye basi. Maana yake unanunua kitu ambacho hujakishika, na shida ya dada yangu ilikuwa hapohapo kwenye kukishika.

Dada ni mkaguzi wa hesabu. Kwa miaka mingi kazi yake imekuwa kuvizungukia vyama vya msingi vya wakulima, vya tumbaku na mahindi upande wa Namtumbo, vya korosho upande wa Tunduru mpaka Nalasi, akikagua vitabu vyao msimu unapoanza na unapofungwa. Ni kazi ya kushuka gari hili na kupanda lile, kulala nyumba za wageni zisizo na meza, na kushinda ghalani kutwa nzima umeme ukiwa umekatika. Kompyuta yake ya zamani lilikuwa dude jeusi lenye chaja ya ukubwa wa kipande cha tofali. Alilibeba kwenye mkoba bega la kulia, na sikuwahi kumsikia akilalamika.

Kisha akaugua. Ilikuwa saratani ya titi, upande wa kulia. Alifanyiwa upasuaji, wakaliondoa titi pamoja na tezi za kwapani, akamaliza dawa na mionzi, akarudi kukaa kwa mama yetu huko Matogoro. Madaktari walisema amepona kwa kadiri walivyoona, aendelee tu kuhudhuria kliniki. Walichomkataza ni kubeba vitu vizito kwa mkono ule, maana tangu tezi zitoke mkono huvimba akiutumikisha. Hayo yote yalituchukua muda mrefu na yalitumaliza, lakini sikusudii kuyasimulia hapa.

Msimu wa korosho ulipokaribia, mwenyekiti wa chama kimoja cha Nalasi alimpigia simu. Nilikuwepo. Alimwambia, "Dada yetu, tunakungoja, inshallah." Dada akajibu kwamba Mungu akipenda atafika, akakata simu, akabaki ameishika mapajani.

"Mdogo wangu," akasema baadaye, "nitafutie kompyuta nyepesi. Nyepesi kweli, si nyepesi ya kwenye matangazo."

Nilifurahi kuliko nilivyoonesha. Tangu atoke hospitali dada hakuwa ametaka kitu chochote. Yeye ambaye zamani alinunua mafuta ya kupikia kwa dumu na sabuni kwa katoni, sasa alikuwa akinunua mafuta ya kupimiwa na sabuni kipande. Mama alipoleta miche ya parachichi, kila mtoto wake mmoja, dada alisema wa kwake apewe jirani. Kwa hiyo mtu huyo kutaka kompyuta, tena mpya, tena ya bei mbaya, niliona ndiyo dalili tuliyokuwa tukiisubiri. Nikajiambia dada yetu amerudi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nakaa Mshangano, na kwenye ukoo wetu mimi ndiye mtaalamu wa kompyuta. Cheo hicho nilikipata siku nilipoizima printa ya shangazi na kuiwasha tena, na sijaona sababu ya kukikana. Nilizama kwenye simu nikisoma habari za mashine mpya, hii ina prosesa gani, ile betri yake inakaa saa ngapi, mpaka mke wangu akaniuliza kama nanunua kompyuta au naposa.

Moja ilinishika. Ilikuwa imetoka karibuni, mwili wa aluminiamu, haina feni, betri ya kutwa nzima, chaja ndogo ya kutia mfukoni. Kilichonikera ni bei, milioni tatu na ushee. Sisi tumezoea kwamba kitu kizuri ni kizito. Jembe zuri ni zito, sufuria nzuri ni nzito, na hata kitenge kizuri unakijua kwa kukipima mkononi. Sasa hawa watu walikuwa wanatuuzia wepesi, na kadiri walivyopunguza uzito ndivyo walivyopandisha bei. Kama ningejua anuani ya kiwanda ningewaandikia, na wasingefurahi.

Ilikuwa na saizi mbili. Ndogo ilikuwa na kilo moja na robo. Kubwa ilikaribia kilo mbili, ila kioo chake kilikuwa kipana. Jumamosi nikaenda Matogoro na habari hizo. Nilimkuta mama barazani na magunia yake, maana anauza maharage na unga wa sembe hapohapo nyumbani. Nikamwamkia shikamoo, nikakaa, nikaanza kuwasomea yeye na dada kutoka kwenye simu.

Dada alitaka kubwa. Alisema hesabu za vyama zina safu nyingi, na kwenye kioo kidogo atakuwa anasukuma ukurasa huku na huku mpaka apofuke. Nilimwambia tofauti yenyewe inazidi nusu kilo, na bega ni lake. Tukabishana hivyo kwa muda, mimi na yeye, watu wawili tuliosoma, tukitupiana namba za kitu ambacho hakuna aliyewahi kukiinua.

Mama akauliza, "Hiyo kilo na robo ni pamoja na mkoba?"

Nikasema hapana, ni yenyewe tu.

"Basi lete mkoba wako," akamwambia dada.

Akachota unga, akautia kwenye mfuko wa nailoni, akaweka kwenye mzani, akaongeza kidogo, akapunguza kidogo, akaufunga. Akapima na wa pili, wa kilo mbili kasoro. Akasema dada atembee na mmoja mpaka barabarani na kurudi, kisha na wa pili, ndipo tuje tuzungumze. Mimi nilicheka. Dada hakucheka. Alitia unga mdogo kwenye mkoba wake wa kazi, akauvaa bega la kushoto, akaondoka kama mtu anayewahi gari la Tunduru.

Tulimfuata kwa nyuma, mimi na mama. Mara ya kwanza alikwenda na kurudi akiongea njia nzima, akisalimiana na majirani, na aliyemuuliza amebeba nini alijibiwa kwamba ni ofisi. Mara ya pili alianza vilevile. Tulipofika kwenye mteremko nikaona mkoba umehamia bega la kulia. Hakujua kwamba ameuhamisha. Ni mazoea tu ya miaka yote ile, bega moja limechoka, mkono unatafuta bega lililozoea. Mama alimgusa kiwikoni, dada akatazama bega lake, akasimama katikati ya njia, akauvua mkoba.

"Kubwa inahama bega bila wewe kujua," mama alimwambia. "Chukua hiyo ndogo, utazoea kusukuma kurasa."

Mkono ulimvimba siku hiyo, si sana, ila pete ilikataa kutoka. Ubishi wa saizi ukaishia hapo. Jioni tukaila ile kompyuta kubwa kwa maharage.

Wiki iliyofuata tulikwenda mjini dukani, mimi na dada. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo anayeuza simu na kompyuta karibu na soko, mchangamfu, hana haraka na mteja. Alitutolea viti. Tulipomwambia tumeshachagua saizi, alisema bado kitu kimoja cha kuchagua, nacho ndicho kinachobadilisha bei: kumbukumbu ya ndani, ile RAM, ambayo kazi zote zinafanyikia humo. Kulikuwa na ya giga kumi na sita na ya thelathini na mbili. Kwa macho mashine zote mbili ni zilezile, na uzito ni uleule. Ya thelathini na mbili iliongeza laki sita.

Hapo nilikuwa na jibu langu tayari. Nilisema tuchukue ya kumi na sita, na tutaongeza baadaye. Mimi ndivyo ninavyojenga nyumba yangu. Mwaka mmoja msingi, mwingine kuta, nikapumua, nikapaua, na hadi leo haina dari na tunaishi vizuri tu. Sijui mtu hapa Songea aliyejenga kwa namna nyingine, ukiacha wachache ambao pesa zao hatuzijui zilikotoka.

"Hii huongezi, mwalimu," mwenye duka akaniambia. "Imechomelewa humohumo kwenye bodi. Unavyoinunua ndivyo itakavyokuwa mpaka siku inakufa."

Nikaona ni uonevu. Nilimuuliza fundi mzuri hawezi kuifungua, akasema fundi mzuri hatathubutu. Kisha akamgeukia dada, kwa kuwa pesa zilikuwa za dada.

"Unataka ikutumikie kwa muda gani? Kwa kazi za hesabu hizi, ya kumi na sita itakupeleka miaka mitatu minne bila shida, baadaye itaanza kuelemewa. Ile ya thelathini na mbili ni ya miaka minane, hata kumi, ukiitunza."

"Miwili inatosha," dada akasema. "Ikizidi, mitatu."

Mwenye duka akaandika. Dada akauliza tena, kwa sauti ileile ya kazini:

"Na mtu akitaka kuiuza baada ya mwaka, ipi inauzika haraka?"

"Ah, ya kumi na sita. Ndogo wanaitafuta wengi. Ile nyingine bei yake inamngoja mtu maalumu."

"Basi niandikie ndogo."

Alilipa kianzio. Mwenye duka akasema oda itakwenda Dar kesho mchana, kwa hiyo kama kuna mabadiliko tumpigie kabla ya hapo. Tukatoka. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeokoa laki sita ambazo hata si zake, nikaanza kumtania dada njiani. Nikamwambia wahasibu hawana haya, kitu hata hajakishika ameshafikiria kukiuza.

"Sitaiuza mimi," akasema. "Utaiuza wewe."

Nilidhani ni utani. Aliendelea kutembea, akiongea taratibu, kama anavyowaelekeza makarani wa vyama.

"Mama hawezi, watampunja. Wewe bei unazijua. Usiitenganishe na chaja yake, na boksi nitalitunza, mashine yenye boksi inaheshimika. Hela utampa mama."

Nilisimama. Ndipo nikaelewa tulikuwa tumefanya nini pale dukani. Ile miwili, ikizidi mitatu, haikuwa miaka ya kompyuta. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti pembeni yake nikiunga mkono, nikisifia ubanaji wa matumizi. Kumbe hakuwa anajinunulia chombo cha kazi. Alikuwa anatuachia kitu kinachouzika.

Niliwaka. Sijui kuhuzunika taratibu, huzuni ikinifika hutoka kwa mlango wa hasira. Nikamwambia hapohapo kando ya barabara kwamba daktari alisema amepona, nimemsikia kwa masikio yangu, sasa yeye ni nani wa kujipangia miaka ya kuishi.

"Alisema kwa kadiri walivyoona," dada akajibu. "Maneno hayo mimi nayajua, nayaandika kwenye ripoti zangu. Kwa kadiri tulivyoona, hesabu ziko sawa. Halafu msimu unaofuata narudi nakuta ghala tupu."

Mtu anayeyajua maneno kwa ndani huwezi kumfariji kwa maneno hayohayo. Nilibaki nimesimama na hasira yangu, watu wakitupita, na nikaona kitu kimoja tu ambacho kilikuwa mikononi mwangu.

"Mimi siiuzi," nikamwambia.

"Utaiuza."

"Siiuzi. Itakaa kwangu juu ya kabati, imefungwa, na atakayeigusa atanieleza. Nikiulizwa ni ya nani nitasema ya dada. Hata aje mnunuzi na milioni kumi. Kwa hiyo hesabu yako imekosewa, mkaguzi. Hiyo kompyuta bei ya kuuza haina. Futa."

Alinitazama sana. "Hata ukikwama ada za watoto?"

"Hata nikikwama."

Kulikuwa na kibaraza cha duka lililofungwa. Dada alikwenda akakaa, akauweka mkoba mtupu magotini, akalia. Hospitalini hakulia, wala siku nywele zilipomtoka, wala siku alipoanza kuvaa sidiria ya upande mmoja. Nilikaa karibu naye. Nikamwambia kwamba ninaogopa, kwamba kila anapokwenda kliniki huwa siwezi kufundisha siku hiyo, nawapa wanafunzi zoezi na kutazama dirishani. Sikuwa nimewahi kumwambia. Akasema alijua, kwa sababu siku hizo huwa nampigia simu kumuuliza mambo ya kijinga, kama mara ile nilipomuuliza bei ya vitunguu.

"Nikinunua ya miaka kumi," akasema alipotulia, "halafu ikabaki?"

"Basi tutakuwa tumepoteza laki sita. Kwenye vikoba, kwa kuweka na kukopeshana, tulishapoteza zaidi, na hatukulia."

Alicheka, machozi yakiwa bado yanamtoka, akajifuta kwa upande wa kanga. Hakusema atafanya nini. Nami sikumuuliza. Tulitembea mpaka kituoni tukizungumzia mvua.

Kesho yake asubuhi mama alinipigia simu. Aliniambia dada yako amekwenda nyuma ya nyumba na simu, amerudi, amesema amebadilisha oda. Akaniuliza ile ya thelathini na mbili ni nini. Nikamwambia ni ile inayokaa miaka mingi. Mama akasema haya, akakata.

Mzigo ulipofika tulikuwa wote Matogoro. Dada alikata utepe wa boksi kwa kisu cha jikoni, akaitoa, akampa mama kwanza. Mama aliinua kwa mkono mmoja, akakunja uso, akasema tumepunjwa, hii kilo na robo haifiki. Akaiweka kwenye mzani wa maharage juu ya kitambaa safi. Ilikuwa kilo moja na robo. Aliangalia tena, akasema basi unga ni mzito kuliko alivyodhani.

Nilikuwa nimejiandaa kuiwasha, nimekunja mikono ya shati kabisa. Dada hakunipa. Aliitandikia kanga mezani, akaigeuza tumbo juu, akamwambia mama amletee msumari.

Wanawake wa kwetu huandika majina kwenye vyombo. Geuza sufuria yoyote kubwa Matogoro, utakuta chini jina la mwenyewe limegongwa kwa msumari, kwa sababu sufuria hutoka kwenda kwenye harusi na misiba ya watu, na lazima ijulikane irudi kwa nani. Mama vyombo vyake vyote ameviandika. Lakini kitu cha milioni karibu nne, chenye ngozi laini namna ile, sikuwahi kuona mtu akikisogezea msumari.

"Chombo kinachoandikwa ni kinachotoka," mama alimwambia, akiwa ameushika msumari bila kuutoa.

"Kinatoka, mama. Jumatatu nakwenda nacho Nalasi."

Mama akampa. Dada akaanza kuchora kwa mkono wa kulia, herufi moja moja, akikandamiza, akipumzika mkono ulipochoka, mama akiwa ameishikilia mashine pande mbili isiteleze. Ule mlio ulikuwa unanipita kwenye meno. Nilivumilia jina lake la kwanza. Alipoanza jina la baba nikashindwa.

"Dada," nikasema, "ukiichora hivyo haiuziki tena."

"Ndiyo," akasema, bila kuinua kichwa, akaendelea na jina la babu.